MBEGU NI AMANA: Khutba ya Ijumaa juu ya kilimo cha bangi

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aipasuaye mbegu katika giza la udongo na kuitoa nje ikiwa na jani la kijani. Tunamshukuru kwa neema zake tuzionazo na tusizoziona, tunamwomba msaada na maghufira, na tunajikinga kwake na shari za nafsi zetu. Tunashuhudia kwamba hapana Mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na kwamba Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani kwa redio, nakuusieni nyinyi na kuiusia nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu katika ibada zetu na katika kazi za mikono yetu, kwani mkono unaoinuliwa kuomba dua ndio ule ule ulioshika jembe asubuhi.

Katika Suratul Waqia, aya ya 63 na ya 64, Mola wetu anatuuliza swali juu ya hicho tunachokipanda: je, ni sisi tunaokiotesha, au ni Yeye? Kila mkulima analijua jibu. Yeye hulima, akafukia na kumwagilia, kisha akarudi nyumbani akalala. Kuota si kazi yake. Ikiwa kuota ni kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, basi mbegu iliyo mkononi mwetu ni amana, na ardhi ni amana, na mvua ni amana. Na mwenye kupewa amana ataulizwa ameitumiaje.

Ndugu Waislamu, jambo la leo ni hili. Katika vijiji vyetu, na hata katika miji, wapo vijana wanaojiwa na mtu mwenye maneno laini. Humtilia kijana mbegu chache katika kiganja, akamwambia: “Panda hizi pembezoni mwa mahindi ya baba yako. Hazina kazi kubwa, na mnunuzi nitamleta mimi.” Mbegu hizo ni za bangi. Kijana huyo hajapata kuvuta wala hajapata kuuza. Aghalabu ni mtoto wa watu wazuri, amesoma chuoni, na anajua kuswali. Anajiambia kuwa atapanda msimu mmoja tu, apate ada ya shule au mtaji wa duka, kisha aache. Khutba hii ni kwa ajili ya kijana huyo, na kwa ajili ya baba yake na mama yake.

Kijana huyu ana hoja zake, na si vema kumkemea kabla ya kumjibu. Hebu tuzitazame moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba bangi haikutajwa katika Qurani. Ni kweli kwamba jina lake halimo. Lakini sheria yetu haifuati majina. Inafuata sababu ya hukumu. Katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, Mwenyezi Mungu ameharimisha ulevi akaeleza na sababu: shetani hutaka kwa njia hiyo kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia tusimkumbuke Mola na tusiswali. Sayyidna Umar (Mwenyezi Mungu amwie radhi) alisimama juu ya mimbari ya Madina akabainisha kuwa khamri ni kila kinachoifunika akili. Naye Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa kila kilevi ni haramu, na kwamba kitu ambacho kingi chake hulevya, basi hata kichache chake ni haramu. Mama wa Waumini, Ummu Salama, amepokea pia kwamba Mtume alikataza kila kilevi na kila kinacholegeza mwili na akili.

Bangi ilipoenea katika nchi za Kiislamu zaidi ya miaka 700 iliyopita, wakati huo ikiitwa hashishi, wanavyuoni hawakunyamaza. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliihesabu katika hukumu ya ulevi. Zarkashi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii aliyefariki mwaka 1392, aliitungia kitabu kizima cha kubainisha uharamu wake. Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki mwaka 1285, aliichambua kwa namna nyingine, akaiweka katika vitu viharibuvyo akili. Wametofautiana katika adhabu ya mlaji na katika tohara ya mmea wenyewe, lakini katika kuitumia kwa kujilevya hawakutofautiana: wote wamesema ni haramu. Mwanahistoria Maqrizi, aliyefariki mwaka 1442, ameeleza habari za bustani za Cairo zilizokuwa zikilimwa hashishi, na namna ilivyowashusha watu heshima zao. Basi jambo hili si geni, na wala hatukuachwa bila ya mwongozo.

Hoja ya pili ni ile isemayo: “Mimi ninapanda tu, sivuti.” Mwenye hoja hii huongeza kwa kusema kuwa hata zabibu hupandwa Dodoma, na zabibu hutengenezwa mvinyo, mbona hakuna aharimishaye kupanda mzabibu? Ndugu yangu, umeuliza swali la kielimu, na jibu lake liko wazi. Zabibu ni chakula. Watoto huzila, na zikikaushwa hutiwa katika pilau. Mzabibu umepandwa kwa kheri, na anayeugeuza kuwa mvinyo ndiye mwenye dhambi yake. Hata hivyo mafakihi wamesema kuwa mwenye shamba akijua kwa yakini kwamba mnunuzi huyu aliye mbele yake atazikamua mvinyo, basi kumuuzia ni haramu. Ikiwa hivi ndivyo ilivyo kwa tunda la halali, itakuwaje kwa mmea ambao mpandaji, mchukuzi na mnunuzi wote wanajua unakokwenda?

Mtume (S.A.W.), alipoitaja pombe, hakumlaani mnywaji peke yake. Aliwataja watu kumi, wakiwemo mkamuaji na mwenye kukamuliwa, mchukuzi na mwenye kuchukuliwa, muuzaji na mwenye kula thamani yake. Maana yake ni kuwa dhambi hii ni mnyororo, na kila pete ya mnyororo imeshikana na mwenzake. Mpandaji ndiye pete ya kwanza. Asingelipanda yeye, mnyororo usingelianza. Na katika Suratul Maida, aya ya 2, tumeamrishwa kusaidiana katika wema na uchamungu, tukakatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni hoja ya njaa. Kijana husema: mahindi yamenyauka kwa ukame, au yamepatikana lakini bei imeanguka, mbolea ni ghali, mdogo wangu amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, je, nife na umasikini wangu? Enyi Waislamu, hoja hii isichekwe. Umasikini ni mtihani mkubwa, na Mtume mwenyewe alikuwa akijikinga nao kwa dua. Lakini tumuulize kijana: hiyo bangi imemtajirisha nani? Nenda popote inapolimwa kwa siri, uitazame nyumba ya mkulima. Mkulima ndiye apataye kidogo, kwa sababu hawezi kushindana bei mbele ya watu, wala hawezi kumshitaki mnunuzi aliyemdhulumu. Faida huchukuliwa na walanguzi wa mjini. Wakija askari, mlanguzi hayupo. Aliyepo ni mwenye shamba, na mama yake akilia mlangoni.

Nchini Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 imekataza kilimo hiki kwa adhabu kali, na wapo watu waliokwisha kuhukumiwa kifungo cha miaka 30. Kijana wa miaka 20 akifungwa miaka 30 atatoka ana miaka 50. Wazazi wake huenda asiwakute. Wala sheria haimtazami mpandaji peke yake, bali hata mwenye ardhi aliyeruhusu kwa kujua. Kenya nayo imekataza kwa sheria yake ya mwaka 1994. Mashamba yamefyekwa na kuteketezwa katika milima ya Arumeru na katika bonde la Mto Mara, na jasho la msimu mzima likawa jivu kwa siku moja. Je, hii ndiyo riziki iliyokusudiwa kuuondoa umasikini? Mwenyezi Mungu ametuonya katika Suratul Baqara, aya ya 195, tusijitie katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe.

Hoja ya nne ni ya wanafunzi na wasomaji wa magazeti. Husema kuwa nchi kubwa zimekwisha kuiruhusu. Uruguay iliruhusu mwaka 2013 na Kanada mwaka 2018. Mwaka huo huo wa 2018, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kuwa mtu mzima asiadhibiwe kwa kuilima kwake faraghani kwa matumizi yake mwenyewe. Ujerumani, tangu mwaka 2024, inamruhusu mtu mzima kuotesha miche mitatu nyumbani kwake. Haya ni kweli, nasi hatukanushi kilicho kweli. Na wapo watoto wetu wanaosoma katika nchi hizo, ambao jirani yao huweka mche dirishani kama awekavyo mrihani, akawaita wajaribu.

Jibu ni kwamba serikali ikiondoa adhabu, imeondoa adhabu ya serikali. Pombe haina adhabu katika nchi nyingi za dunia, zikiwemo nchi zetu, na hakuna Muislamu aliyesema kuwa kwa hiyo imekuwa halali. Mwenye kuharimisha ni Mwenyezi Mungu, na amri yake haibadiliki mtu anapovuka mpaka kwa ndege.

Husema tena: “Lakini ni dawa.” Naam, mmea huu umeumbwa na Mwenyezi Mungu, naye hakuumba kitu bure. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iliyotolewa katika mmea huu kwa watoto wenye aina mbili za kifafa kigumu. Hata mafakihi wa kale walizungumza juu ya kumpa mgonjwa kitu cha kumpoteza fahamu ili akatwe kiungo kilichooza. Basi dawa ina mlango wake: ugonjwa uliothibitishwa, tabibu mwaminifu, kipimo kinachojulikana, na ruhusa ya sheria. Dawa hiyo ya kifafa imetolewa katika kitu kisicholevya, ikapimwa kwa mililita. Anayepanda nyuma ya jiko na kumuuzia kijana wa kijiweni hakuwa tabibu, na mteja wake hakuwa mgonjwa. Tusijifiche nyuma ya kitanda cha mgonjwa.

Nao wataalamu wa afya wanatueleza kuwa ubongo wa mwanadamu huendelea kukua mpaka anapokaribia miaka 25, na kwamba mwenye kuanza bangi katika ujana hudhurika zaidi katika kumbukumbu na katika usikivu wake darasani. Kwamba wapo watumiaji wanaofikia utegemezi wasiweze kuacha. Na kwamba bangi kali huongeza hatari ya maradhi ya akili. Akili ndiyo inayotufanya tuwajibike mbele ya Mola. Mwendawazimu hana swala juu yake. Ni khasara iliyoje mtu kuipa kisogo neema hiyo kwa hiari, au kumuuzia mwenzake kitakachomwondolea!

Ndugu Waislamu, bado kuna khasara moja ambayo haionekani kwa macho. Katika Suratul An'am, aya ya 141, tumeamrishwa kuitoa haki ya mazao siku ya kuvuna. Mwenye mpunga, mtama au mahindi yake yakifika nisabu, ambayo ni wasaki tano, takriban kilo 650, hutoa sehemu moja ya kumi ikiwa shamba limenyeshewa na mvua, na nusu yake ikiwa amemwagilia kwa gharama. Masikini hufurahi, na mali ikatakasika. Je, mwenye kuvuna bangi atatoa zaka gani? Atampelekea nani fungu la kumi? Mtume ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mwema na hapokei ila kilicho chema. Kisha akamtaja msafiri mwenye nywele timtim, aliyejaa vumbi, anayeinua mikono kuomba, na hali chakula chake ni cha haramu, na mavazi yake ni ya haramu. Akauliza: ataitikiwa vipi mtu huyo? Mkulima wa bangi humwagilia shamba lake, huku akiifungia mvua ya rehema isimfikie nyumbani.

Na mlinganishe na jambo hili. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa Muislamu hapandi mmea, akala humo ndege, au mtu, au mnyama, ila huwa ni sadaka kwake. Hata ndege mwizi wa mtama anamwandikia mkulima thawabu! Lakini huyu wetu, kila anayekula katika shamba lake humwandikia dhambi. Jua ni lile lile, udongo ni ule ule, na jasho ni lile lile. Tofauti ni ile mbegu iliyokubaliwa kiganjani.

Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, akubaliye toba ya waja wake. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, baada ya kubainisha uharamu, haifai kumwacha mtu njiani. Nina neno kwa watu watatu.

Neno la kwanza ni kwa yule aliyekwisha kupanda, naye ananisikiliza sasa. Ndugu yangu, usingoje uvune ndipo utubu. Anayesema atavuna kwanza kisha atatubia, huyo hajatubia. Ameweka miadi na dhambi. Masharti ya toba ni kuacha, kujuta, na kuazimia kutorejea. Basi ing'oe, uifukie shimoni ioze. Usimuuzie mtu kwa kisingizio cha kuiondoa, wala usimgawie. Mbegu zilizobaki uziharibu, kwani zikibaki nyumbani ni mlango ulioachwa wazi. Na ikiwa zimo mkononi mwako fedha ulizozipata humo, si zako. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza kuwa mali ya haramu isiyo na mwenyewe wa kurudishiwa huondolewa kwa kupewa masikini au kuingizwa katika manufaa ya watu wote. Utafanya hivyo kwa nia ya kujitakasa, si kwa kutaka sifa ya mtoa sadaka.

Neno la pili ni kwa kijana aliyetiwa mbegu kiganjani na bado hajafukia. Mrudishie mwenyewe au uzitupe motoni, kisha utafute mbegu nyingine uanze nayo. Kwa mkulima mwanafunzi, mchicha ni mwalimu mwema. Mbegu zake ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga ili zisianguke mahali pamoja, zimwage juu ya tuta lililolainishwa na kutiwa samadi, zifunike kwa udongo mwembamba, umwagilie taratibu asubuhi na jioni. Zikisongamana, punguza. Katika wiki tatu au nne utachuma, nawe utauza mchana mbele ya watu na kuitangaza bei yako kwa sauti. Panda na kunde: mizizi yake huvirudishia udongo virutubisho, na msimu ujao mahindi yatakayofuatia yatanufaika. Panda na mpapai. Shimo moja litie mbegu tatu au nne, kwani huujui upi utakuwa dume na upi jike mpaka itoe maua; ndipo ubakishe jike mmoja, na majike kadhaa kwa dume mmoja hutosha. Na ukiwa na subira na ardhi ya visiwani, panda mkarafuu, ambao utakungojesha miaka kadhaa kisha utakulisha wewe na wajukuu zako. Haya si utajiri wa usiku mmoja. Lakini Mola wetu amepiga mfano katika Suratul Baqara, aya ya 261, wa punje moja iliyotoa mashuke saba, na kila shuke punje 100. Punje moja imekuwa 700, na hayo ndiyo malipo ya mwenye kutoa katika njia yake.

Neno la tatu ni kwetu sisi wazee, wazazi, walimu na maimamu. Kijana hakukiendea kiganja cha yule mlaghai ila baada ya kuviona viganja vyetu vitupu. Tukimkataza haramu, tumfungulie na halali. Msikiti wenye shamba la wakfu lililolala pori, limegewe vijana vipande walime. Mwenye nafasi amkopeshe jirani mbegu na jembe bila ya riba, amlipe atakapovuna. Walimu wa madrasa wafundishe mlango wa muzaraa pamoja na milango ya twahara na swala, wanafunzi wajue hukumu za kushirikiana katika kilimo. Nanyi wazazi, mwana akirudi na fedha msizojua zilikotoka, muulizeni. Mama akinyamaza kwa sababu unga umepatikana, basi unga huo umenunuliwa kwa thamani ya mwanawe. Wala msiwatume watoto wadogo kumwagilia au kulinda shamba msilothubutu kulitaja kwa jirani.

Na mwenye kutubia asisimangwe. Asiitwe mlima bangi baada ya kuwa mlima mchicha. Mwenyezi Mungu amemsitiri, basi nasi tumsitiri. Amempokea, basi nasi tumpokee katika safu zetu na katika shughuli zetu.

Ewe Mola wetu, Wewe ndiwe uoteshaye, na sisi ni wafukiaji tu. Tubarikie katika mbegu zetu, na katika ardhi yetu, na katika mvua yako. Tutosheleze kwa halali yako tusiihitajie haramu yako. Walinde vijana wetu na kila kinachoziondoa akili zao, na uwaongoze waliopotea warejee kwako wakiwa salama. Wafariji wazazi ambao watoto wao wamo magerezani, na uwafungulie wafungwa mlango wa toba. Wasamehe Waislamu wanaume na Waislamu wanawake, walio hai na waliotangulia. Wajaalie viongozi wetu kuwa wenye uadilifu na huruma kwa wanyonge.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu atawakumbuka, na mshukuruni kwa neema zake atakuzidishieni. Simamisheni swala.